Bei ya Arobaini na Sita

Mume wangu alipima ardhi za watu kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna jiwe la mpaka alilolikosea hata kwa upana wa kidole. Mtaani wanamwita Bwana Nukta. Jina alipewa na mwenye duka wa jirani, siku aliporudisha mfuko wa sukari kwa sababu umepungua gramu kumi na tano, akaenda na mizani yake mwenyewe ya kuthibitisha. Nilicheka pamoja na wenzangu. Sikujua kwamba tabia ile ile ndiyo itakayokuja kunitoa jicho.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho karakana yangu: mashine mbili, meza ya kukatia, na kabati lililojaa nguo ambazo wenyewe walizitaka haraka haraka kisha wakasahau kuzifuata. Ukungu ulipoanza kuingia machoni nilisema ni taa, nikabadilisha taa. Nikasema ni uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, nikaanza kukataa vitambaa vyeusi. Siku niliyomshonea bwana mmoja zipu ya suruali upande wa nyuma, nikakubali kwamba tatizo si taa.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mpole mwenye mikono ya baridi. Alisema macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na la kushoto lina presha juu yake.

"Mtoto wa jicho ana subira, mama," alisema. "Presha haina. La kushoto tukilichelewesha, mshipa wake utakufa, na mshipa ukishakufa hata mimi siwezi kuufufua."

Akatuandikia siku ya upasuaji, wiki saba mbele, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Macho yote mawili, elfu thelathini na nane na mia tano, zilipwe zote Ijumaa ya kabla ya siku hiyo. Pesa tulikuwa nazo. Naomba hilo lieleweke: tulitoka pale tukiwa na pesa za macho yangu mawili, na za ziada.

Zilikuwa ni kiinua mgongo chake, na alikuwa ameziweka kwenye hisa. Tangu astaafu, kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha wateja wangu na simu mkononi, ananunua hisa za kampuni hii, anauza za ile. Nilimwambia azitoe tulipe siku hiyo hiyo tukalale.

"Hospitali ikae na pesa zetu wiki saba bure?" akasema. "Na tukishalipa tunabaki na elfu kumi na mbili. Ndizo za kula mpaka tunakufa?"

Nilikubali. Nalisema wazi, mtu asije akadhani nilikuwa kondoo. Nilikubali kwa sababu wateja walikuwa wanapungua na mimi ndiye niliyejua kwa nini wanapungua, na kwa sababu alinieleza ile amri ya kukata hasara. Ni jambo jepesi. Ukinunua hisa, unamwachia dalali agizo: bei ikishuka mpaka hapa, uza, usiniulize. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Aliapa kwamba kila hisa ataiwekea agizo hilo mahali ambapo, hata mambo yakiharibika, macho yangu yatakuwa yamelipwa. Niliipenda ile amri kuliko nilivyompenda yeye siku hiyo.

Wiki ya kwanza amri ilifanya kazi, na ndipo maudhi yalipoanza. Alikuwa na hisa kidogo za kampuni ya mafuta ya kupikia. Agizo lilikuwa arobaini kamili. Bei ikashuka, hisa zikauzwa, lakini ziliuzwa thelathini na nane na nusu.

Hasara ilikuwa ndogo. Kilichomkera si hasara. "Nilisema arobaini," aliniambia wakati wa chai. Akasema tena akipiga mswaki, mdomo umejaa povu. Kesho yake asubuhi alivaa shati la kazini, nikajua tunakwenda kugombana na mtu.

Ofisi ya dalali ilikuwa juu ya duka la vioo, ngazi mbili, na mimi nilimshika mkono kwa sababu ngazi zilikuwa zimeanza kunicheza shere. Dalali alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu. Nyuma yake kulikuwa na runinga kubwa ambayo kwangu ilikuwa rangi tupu, nyekundu na kijani zikikimbizana.

"Mzee, agizo lako halisemi uza kwa arobaini," alisema. "Linasema bei ikigusa arobaini, nenda sokoni ukauze. Mimi nikifika, wale wa kununua kwa arobaini wameshapata, wameondoka. Anayefuata anatoa thelathini na tisa. Anayefuata thelathini na nane. Huo tunauita mtelezo."

"Na anayeteleza ni nani? Mimi?"

"Bei, mzee."

"Lakini aliyeanguka ni mimi."

Dalali alicheka kidogo, na kwa kweli hata mimi. Kisha akavuta kiti akamfundisha kwa moyo mmoja, siwezi kumsema vibaya mwanamke yule. Alimwambia arobaini ni namba ya kila mtu, wote wameweka maagizo pale pale, yakiwaka kwa pamoja watu wanakanyagana mlangoni, basi aweke yake pembeni, kwenye senti ambazo hakuna anayezifikiria. Akamwambia aachane na kampuni ndogo ambazo siku nzima wanunuzi wake ni watatu. Asiuze dakika za kwanza za soko, maana hapo bei zinarukaruka, na asibaki na hisa ya kampuni inayokaribia kutangaza mahesabu yake. Mume wangu aliandika kila neno, na kalamu yake niliisikia ikikwaruza.

"Vyote hivyo vinapunguza," alisema. "Kipi kinaondoa kabisa?"

Dalali alishusha sauti. "Ipo amri yenye kikomo. Unasema bei ikifika hapa uza, lakini usiuze chini ya hapa. Hiyo haitelezi kabisa, lakini mzee, sikia—"

"Haitelezi kabisa," mume wangu alirudia, akaandika.

"Lakini inaweza isiuze," dalali akamaliza.

Mimi nilisikia. Yeye alikuwa anapigia mstari lile neno kabisa.

Wakati wa kushuka ngazi nilijaribu. Nilimwambia mimi nikikata suruali naacha inchi mbili za kukunja, kwa sababu kitambaa kina ubishi wake na mwili wa mteja nao una wake. "Na wewe waachie hao wanunuzi inchi mbili."

"Ardhi haina ubishi," akasema. "Jiwe likikaa, limekaa."

"Hii si ardhi."

Akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Nikadhani nimeshinda.

Wiki nne zilizofuata zilikuwa nzuri, na nazikumbuka kwa uchungu zaidi kuliko mbaya. Alifuata mafundisho ya dalali kama mwanafunzi mwenye hofu ya kufeli. Mtelezo ukapungua kutoka moja na nusu mpaka senti kumi, mara nyingine senti tano. Akipata senti tano alikuja kuniambia mezani, nami nilimpongeza huku nikitafuta tundu la sindano kwa ulimi. Pesa zilifika elfu hamsini na mbili. Kisha akazitia zote kwenye hisa za kiwanda cha saruji, hisa elfu moja kwa hamsini na mbili kila moja.

"Zote kwenye kitu kimoja?"

"Kampuni kubwa, mama. Wanunuzi wake ni maelfu kila siku. Mahesabu yao ni baada ya miezi miwili. Nimeangalia kila kitu." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeonyesha zawadi: "Nimeweka kikomo. Ikishuka arobaini na sita na senti thelathini, inauzwa, na haiuzwi chini ya arobaini na sita. Hapo mtelezo kwaheri."

"Na asipokuwepo mtu wa arobaini na sita?"

"Yupo."

"Nauliza asipokuwepo."

"Kila siku wapo," akasema, na alikuwa anasema kweli. Kila siku walikuwepo. Zilibaki wiki mbili mpaka upasuaji.

Ijumaa soko lilifunga saruji ikiwa hamsini na moja. Jumapili mchana tanuri kubwa la kiwanda lilipasuka. Tulisikia redioni, watu hawakufa, kwa bahati, lakini kiwanda kilikuwa hakina tanuri lingine. Mume wangu alizima redio akasema amri ipo. Mimi pia nilisema amri ipo. Tuliiamini ile amri kuliko tanuri la chuma.

Jumatatu saa tatu, soko lilipofungua, mimi nilikuwa nakunja pindo la pazia kwa kupapasa. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyetiwa maji ya baridi mgongoni.

"Kuna nini?"

"Hamna."

Baadaye simu ikaita, akatoka kuipokelea uani. Alikaa huko muda. Aliporudi aliniambia soko limeisimamisha hisa ya saruji mpaka uchunguzi uishe. Hakuna kuuza wala kununua. Tungoje tu. Nikamwamini, maana ningefanya nini? Simu aliishika yeye. Hata ningeishika mimi, ningeona taa.

Tulingoja Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hakula. Alikaa kwenye kiti cha wateja, na kila nilipouliza aliniambia bado wamefunga. Nilimhurumia. Nilimpikia uji, nikamwambia Mungu si mwanadamu. Alhamisi saa tano akasema wamefungua.

"Bei?"

"Ishirini na nne."

Nilikaa chini. Mashine ilikuwa bado inazunguka, nikaiacha mpaka ikasimama yenyewe. "Na amri?"

"Haikuuza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Bei haikupita pale, mama. Iliruka. Ijumaa ililala juu, ikaamka chini. Amri ikaenda kumtafuta mtu wa arobaini na sita, hakuna."

"Kwa hiyo haikuteleza," nikasema.

"Haikuteleza."

Siku ya kulipa hospitali ilikuwa kesho yake. Nikamwambia auze. Akasema itarudi, watu hawawezi kuacha kujenga nyumba, tanuri litatengenezwa, ngoja wiki chache tu. Nikamwambia auze. Akasema akiuza sasa hasara itakuwa ya kweli.

"Na macho yangu ni ya uongo?"

Nilimsikia akipumua. Nadhani alijaribu, kwa sababu kiti kililia kama mtu aliyejisogeza mbele kisha akarudi nyuma. Mkono uliopigilia mawe elfu kwenye ardhi ya watu haukuweza kugusa kioo cha simu. Nikanyanyuka, nikaenda kwa kupapasa meza, nikanyoosha mkono wangu.

"Niwekee kidole pale pa kuuza. Bei yoyote, bila kikomo."

Alinishika kidole cha shahada, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuandika. "Hapa," akasema. Nikabonyeza.

Tulisubiri kidogo. "Ishirini na tatu na senti arobaini," akasema. Kisha, kwa mnong'ono: "Imeteleza senti sitini."

Ningemzaba kofi, ila ilibidi kwanza nimtafute shavu.

Elfu ishirini na tatu na mia nne hazikutosha macho mawili. Daktari alitueleza bila kuzunguka. Jicho la kushoto peke yake ni elfu ishirini na tatu, nalo ndilo la haraka, lakini hata likipasuliwa vizuri litaona nusu. La kulia ni elfu kumi na tano na mia tano, litaona kama zamani, na linaweza kungoja hata mwaka. "Kitaalamu ningekuambia tuokoe la kushoto," alisema. "Lakini maisha yako unayajua wewe."

Nilipiga hesabu ya kifundi. Nikiokoa la kushoto, tunabaki na mia nne na fundi asiyeona uzi. Kitambaa kisipotosha suti, unashona suruali. Nikasema la kulia. Nililia, lakini nililia nikiwa nimeshasema.

Mume wangu alilia kwenye korido, na kwa sauti, mpaka nesi akaja kuuliza kama tumefiwa. Na mimi, mwenye jicho linalokufa, nikamshika kichwa nikambembeleza. Nikamwambia hakuna kosa alilofanya. Soko lilifungwa, lilipofunguliwa bei imeshaanguka, nani angefanya nini? Ni kama mvua. Nilimwambia hivyo mara tatu, na kila mara alizidi kulia, nami nikamwona mtu mwema.

Jicho la kulia lilifunguliwa bandeji siku mbili baada ya upasuaji. Kitu cha kwanza nilichoona ni vumbi juu ya kitasa cha mlango, kila chembe peke yake, na nikafurahi kama nimeona harusi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nasoma kila kitu. Nilisoma maandishi ya nyuma ya sabuni. Nilisoma kalenda ya mwaka juzi niliyokuwa nimeisahau ukutani, nilisoma namba ndogo kwenye rili za uzi. Nilianza kupokea tena vitambaa vyeusi nilivyokuwa navikataa, na wateja wakaanza kurudi. Jicho la kushoto lilizidi kufifia siku hadi siku, nikazoea kugeuza shingo nzima kumtazama mtu aliye upande huo. Na mume wangu aliacha hisa. Alifunga akaunti, akawa anafagia karakana na kupiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa, kwa mikunjo iliyonyooka kiasi kwamba wateja walinisifu mimi.

Bahasha ilikuja Jumanne, ya kaki, kutoka kwa dalali. Yeye alikuwa uani anaanika vitambaa.

"Hiyo ya kutupa tu," alisema kupitia dirishani alipoona nimeishika. "Ya kufunga akaunti."

Ningeitupa. Lakini nilikuwa mtu wa kusoma sabuni, nikaifungua.

Ilikuwa kurasa mbili. Ya kwanza ilikuwa jedwali la hisa ya saruji, siku kwa siku. Jumatatu: ilifungua thelathini na tisa, ikacheza pale pale asubuhi nzima, thelathini na tisa na senti ishirini, thelathini na tisa na kumi. Mbele yake, idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo, na ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Jumanne thelathini na nne. Jumatano ishirini na tisa. Hakuna siku iliyokuwa tupu. Niliitafuta siku iliyofungwa, nikarudi juu, nikashuka tena kwa kidole kama anayetafuta mshono uliofumuka.

Ya pili ilikuwa kumbukumbu za simu. Ulikuwa mstari mmoja: *Jumatatu, saa nne na dakika tano asubuhi. Mteja amepigiwa kujulishwa kuwa amri yake haiwezi kuuza kwa sababu ya kikomo. Ameshauriwa kuondoa kikomo na kuuza kwa bei ya soko. Amekataa. Amesema atangoja arobaini na sita.*

Hisa elfu moja, mara thelathini na tisa. Si hesabu ya kuhitaji karatasi. Macho yote mawili, na mia tano juu.

Aliingia na kapu tupu la nguo. Akaona karatasi mkononi mwangu, akaliweka kapu chini polepole.

"Uliniambia soko limefungwa," nikasema.

Niliweza kuona kila kitu cha uso wake, ndevu alizozikosa kunyoa chini ya taya, mshipa wa shingo, na sikuona hata dalili ya kutaka kudanganya tena.

"Ningeuza Jumatatu tungelipa macho, tukabaki na mia tano," akasema. "Mia tano, mama. Baada ya miaka thelathini na moja. Nikasema nisubiri kidogo irudi, nikuletee macho na akiba. Sikutaka kukuletea macho matupu."

"Yalikuwa macho yangu."

"Najua."

"Mawili."

"Najua. Kila siku nilitaka kukuambia. Jumanne nilitaka kukuambia."

Nilimkumbuka akilia kwenye korido, na mikono yangu juu ya kichwa chake, na maneno yangu mara tatu. Nilihisi aibu, kana kwamba mwenye kosa ni mimi. Hasira ilikuja baadaye, na haijaondoka, lakini pale kwanza ilikuwa aibu.

Akaanza kuongea. Alisema bei ya saruji siku hizi, ambayo sikumuuliza. Alisema atatafuta vibarua vya upimaji, tutakusanya, labda daktari anaweza kufanya kitu kwa la kushoto, siku hizi kuna dawa. Alikuwa anatembea akiongea, kama alivyozoea, mpaka akaizunguka meza ya kukatia na kufika upande wangu wa kushoto. Hapo simwoni tena mtu. Nilisikia anaomba msamaha kutoka kwenye giza hilo, kwa sauti nzuri, sauti ninayoijua tangu nikiwa na miaka ishirini na mbili, akiningoja nimgeukie.

Sikugeuza shingo.